Mwanamke wa Midomo ya Vizibo

Optatus hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Optatus alifunguliwa, akavutiwa kiti. Siku hiyo alikuwa Masasi mjini, ananyolewa ndevu kwa ahadi ya kulipa kesho, alipoiona picha kwenye kibanda cha pili. Ilikuwa sura ya mwanamke wa sinema za zamani, uso wa waridi na manjano ya kupiga kelele, midomo ya vizibo vya soda, nywele za nyuzi za gunia la korosho, miwani iliyokatwa kwenye tyubu ya pikipiki, gauni la vipande vya kitenge na magazeti.

Aliyeitengeneza alikuwa Severina, mchora mabango ya saluni.

"Haijapata mtu," alisema. "Wanasema ina wazimu."

"Imekosa wa kuisemea tu, dada. Mdomo ninao mimi."

Mpango ulikuwa hivi. Newala kulikuwa na gesti ya Mama Careen, mjane aliyependa kumiliki kitu ambacho jirani hana. Optatus angelala pale, angekula vizuri, halafu angejipapasa mifukoni na kuiacha picha kama rehani. Kesho yake Severina angeingia kama mnunuzi wa sanaa kutoka Dar, apigwe na butwaa, ataje mamilioni, aahidi kurudi. Optatus akirudi kuikomboa, Mama Careen angemwangukia amuuzie upesi.

"Tutagawana nusu kwa nusu," alisema Optatus, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukata kitu katikati.

Sehemu yake aliifanya kwa ufundi.

"Shikamoo, mama. Pochi nimeisahau Masasi. Nakuachia picha hii, urithi wa marehemu bibi."

"Marahaba. Mbona unalia?"

"Nikiitazama tu, mama, siwezi."

Kesho yake asubuhi Severina aliingia kwa viatu virefu vya kuazima, maneno ameyakariri: mnada, Ulaya, mamilioni. Alimkuta Mama Careen amesimama mbele ya picha, hata hajafagia.

"Mwanangu, njoo uone," mama alimwita. "Gari la sinema lilipokuja kwetu Lisekese walitundika shuka jeupe. Nikamwona mwanamke kama huyu, anavuta sigara mbele ya wanaume na hakuna wa kumkemea. Nikarudi nyumbani natembea kama yeye. Baba akanichapa. Nikaendelea kutembea hivyo hivyo." Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Aliyemtengeneza huyu ananijua."

Mnada ukamtoka Severina kichwani, Ulaya ikafuata. Hakuna aliyewahi kulilia kazi yake, isipokuwa mwenye saluni mmoja aliyekosewa herufi za jina.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nimemtengeneza mimi. Na yule kaka aliyelala hapa ni tapeli. Na mimi pia, tangu juzi."

Mama Careen alimtazama juu hadi chini.

"Viatu vinakubana," alisema. "Vua, ukae. Nina kuta tupu vyumba vyote."

Jioni Optatus alirudi na huzuni aliyoiandaa njiani. Alimkuta Mama Careen kwenye kiti, amevaa miwani myeusi, kidevu juu, na Severina anabandika vizibo kwenye ubao.

"Usimsemeshe," alisema Severina. "Niko shingoni."

Mama Careen hakugeuza kichwa. "Umelala kwangu, baba, na samaki umekula. Polisi au maji?"

"Maji gani, mama?"

"Yale yasiyotoka bombani kwangu. Toroli lile pale, na madumu."

Optatus alilisukuma toroli hadi kioski cha maji. Foleni ilikuwa imezunguka kona. Aibu yake, ambayo kwa kawaida haikai, ilikuwa imekwisha kumtoka. Akakohoa.

"Kina mama, nipisheni. Mimi ni mkubwa wa maji, nimetumwa kutoka mkoani kukagua."

Foleni ikanyamaza. Optatus akadhani ni heshima. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea karibu.

"Wa maji?"

"Mwenyewe."

"Kumbe ndiye wewe!"

Walikuwa wamemsubiri mtu huyo kiangazi kizima. Dumu la kwanza lilimpata begani. Optatus alitoka mbio kuishika barabara ya Masasi, kiatu kimoja mguuni, akipiga kelele kwamba yeye si mkubwa wa chochote, yeye ni tapeli tu, jamani, tapeli wa kawaida! Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.