Sarafu Saba na Cherehani ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanya biashara! Fundi saa wa pale kona kanipa sarafu saba za fedha, za kale kabisa, zenye mfalme mwenye pua ndefu. Mimi nimempa cherehani ya mke wangu. Mwenyewe yuko kwa dada yake aliyejifungua, hadi Ijumaa. Kabla ya hapo nitakuwa nimemuuzia sarafu Mwalimu Mstaafu, jirani yetu, anayeturingia miaka yote na albamu yake ya sarafu. Mke wangu atakuta cherehani mbili mpya. Mahali pake nimeweka boksi na kulifunika kitambaa. Ukiwa mbali huwezi kujua. Mbali sana.

Jumanne, 4 Juni

Sarafu zilikuwa nyeusi, nikazisugua kwa majivu na waya wa masufuria. Sita ziling'aa upesi. Ya saba ilikuwa mbishi, nikakomoana nayo asubuhi nzima.

Mchana nikampelekea Mwalimu. Akavaa miwani, akatoa sumaku. Sita zikairukia kama kuku walioona mtama. Akaniambia fedha haivutwi na sumaku, tena akanionyesha mstari ukingoni, alama ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Ya saba ikabaki mezani, imetulia. Akaipima uzito, akaichungulia kwa lenzi, akavua miwani kama mtu aliyepokea habari za msiba. Halisi. Adimu. Ila wakusanyaji huitaka na weusi wake, na huyu mfalme sasa hana hata hiyo pua. Thamani yake imebaki ya kijiko.

"Nani aliyeifanyia hivi?" akauliza.

Nikajibu niliipata hivyo hivyo. Mikono nimeificha nyuma, kucha zimejaa majivu. Akanisindikiza mlangoni akisema anayeuza sarafu bandia hufungwa. Sikumuuliza miaka mingapi. Niliogopa angejua.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaja. Kaka wa mke wangu. Polisi!

Kuiona kofia yake tu dirishani, nikazitia sarafu zote saba kwenye soksi niliyovaa. Kumbe alitaka kujua dada yake anarudi lini, basi. Lakini akaniona nachechemea. Nikasingizia kuteguka mguu. Nilijuaje kwamba aliwahi kuwakanda wachezaji wa timu ya kituo chao? Akapiga goti, akaanza kunifungua kamba za kiatu. Jasho lilinitoka mpaka masikioni. Nikasema tumbo, nikakimbilia chooni, nikaikung'uta soksi shimoni. Zote. Na ile halisi. Nilikumbuka wakati imeshafika chini.

Niliporudi nilimkuta shemeji kanichemshia maji ya chumvi. Kanikanda mguu mzima kwa nusu saa. Sijawahi kuumia vile.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu karudi. Alivua viatu vya safari, akavaa kandambili, akainua kitambaa. Akalitazama boksi. Ana oda ya sare za kwaya, wanavaa Jumapili. Nikaungama yote, hadi soksi. Nilingoja kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Umempa nani?" akauliza, taratibu.

Nikamtaja. Akachukua vitambaa vya kwaya, akatoka. Nikajifungia chumbani, nikaegemeza kabati mlangoni.

Kabla ya jua kuzama fundi saa alikuja mwenyewe, cherehani kichwani, mke wangu nyuma yake. Majirani wanasema mke wangu alikaa kwenye cherehani mle mle dukani, akaanza kushona, na kila mteja aliyeingia alielezwa kwa upole kwa nini anashonea hapo. Mteja wa tatu alipogeuka akaondoka na saa yake, fundi akasalimu amri. Nami mke wangu kaniambia nisiguse kitu chake chochote. Nimeapa.

Jumatano, 12 Juni

Nimekuwa mtu mwingine. Kosa langu nalijua: nilinunua bila karatasi. Leo stendi nimekutana na bwana mmoja mpole, mwenye sarafu tisa za fedha, kuukuu kuliko zile. Nikamkazia macho, nikadai cheti cha uhalisi. Hakubabaika. Alitoa daftari, akakiandika pale pale mbele yangu, akapiga sahihi mbili. Cheti kama hicho nani atakitilia shaka? Nimekiona kikiandikwa!

Cherehani sijaigusa, kiapo ni kiapo. Yule bwana nimempa redio yetu. Mke wangu keshaanza kuitafuta. Nimo chini ya kitanda, naandika haya, na cheti ninacho.