Nani Atakuwa Mkia

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Bado hajazaliwa mwanaume wa kunishinda miguu. Nasema bila kujisifu. Mapaja haya yamewahi kupandisha baiskeli kilima kizima kwa gia moja, tena nikiimba, mbuzi wakaacha kula wakanitazama. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walianza kurudiarudia mambo. Mke nilimpata kwa filimbi. Nani mwingine anaweza kuandika sentensi hiyo?

Nieleze vizuri, maana siku moja shajara hii itasomwa. Chumba cha mbele tumekigawa kwa mstari wa chaki. Kushoto ni baiskeli za wateja wangu, zimelala miguu juu. Kulia ni cherehani ya mke wangu, anashona mabegi ya mgongoni na mahema. Chaki ni ya kuzuia grisi yangu isivuke kwenda kwenye turubai lake. Grisi haijui kusoma, inavuka.

Jumamosi tunafunga duka, yeye anaongoza watu kupanda kilima. Yeye ni kichwa, anatangulia. Mimi ni mkia, natembea wa mwisho kabisa ili asiachwe mtu. Kichwa akipuliza filimbi mara moja, anauliza: mko wote? Mkia anajibu mara mbili: tupo wote. Mkia akinyamaza, msafara unasimama na kichwa anarudi. Filimbi moja ndefu ni ya hatari. Ndiyo sheria. Na ndivyo tulivyopendana. Yeye moja, mimi mbili, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka nikaenda kwa mama yake kuposa.

Sasa leo. Ameingia mteja mpya. Mrefu bila sababu. Ana darubini shingoni, anataka begi lenye mifuko kumi na mmoja. Nani ana vitu kumi na kimoja? Ndege akalia juu ya bati. Jamaa akainua kidole, akamtaja yule ndege kwa jina, akasema ni dume, tena anatafuta mchumba. Mke wangu akaangusha mkasi. Miaka miwili naishi na ndege yule na mimi nilikuwa namwita "ndege".

Mke wangu kacheka mara tatu. Nilihesabu. Kwangu mimi, leo: sifuri.

Halafu anamwita "dada". Hawa wa dada, dada ndio wa kuchungwa. Nimempa jina: Darubini.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimeazima kitabu cha ndege. Nimemaliza kurasa nne kwa kikao kimoja. Sijawahi!

Alasiri Darubini karudi kupimwa mikanda ya begi. Mke wangu akamzungushia futi ya kitambaa, akasema mabega haya ni ya kubebea kweli. Aliandika vipimo kwenye daftari! Begi langu mimi alinishonea kwa kukadiria.

Nikasubiri nafasi. Nje kukasikika: kwii, kwii, kwiiii. Nikainua kidole. Nikatangaza kwamba huyo ni ndege adimu wa mabondeni, jike, ana huzuni. Darubini akasikiliza kwa adabu, jambo linaloudhi kuliko kuzomewa.

"Kaka," akasema, "nadhani hilo ni gurudumu."

Mlangoni akatokea mteja wangu anasukuma baiskeli yake, beringi zimekauka grisi. Baiskeli niliyoitengeneza Ijumaa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini juu ya turubai, anafuta machozi. Swali la kitaalamu: kicheko hicho kihesabiwe changu au cha Darubini? Nimekiandika changu.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Vita vya mbinu vinahitaji wazee. Nimekwenda kwa mama mkwe, anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye uchungu na jamii: Mama, kuna kijana anazunguka na chombo cha kuvuta vya mbali viwe karibu. Anasema anatazama ndege. Ndege gani wanaokaa madirishani kwa watu?

Nilitegemea atoke na mwiko. Na kweli alitoka nao. Akaja mpaka dukani, akasimama mbele ya Darubini, akamkagua toka kisogo mpaka kisigino. Kisha akauliza kama chombo hicho kinafika kwenye kamba ya nguo ya jirani wa ng'ambo.

Kinafika. Nusu saa nzima! Kahesabu mashuka ya watu. Kaiona ndoo yake iliyopotea mwaka jana. Darubini akamrekebishia vioo taratibu, akamshikia kiwiko asichoke.

"Huyu kalelewa," mama mkwe akasema. Akanigeukia. "Wewe mkwe wangu, hata miwani yangu hujawahi kuifuta."

Akatangaza kwamba Jumamosi hii na yeye anapanda kilima. Huyu mama kupanda kwake mwisho ni kitandani. Nimekwenda kuchimba kisima, nimeingia mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nimepata mpango mkubwa. Kitu hakithaminiwi mpaka kipungue. Sijui nilisoma wapi, pengine nimetunga mwenyewe.

Mke wangu alikuwa anabadilisha uzi. Nikashusha pumzi ndefu, mara mbili, maana ya kwanza hakuisikia. Nikasema nimechoka kuwa mkia. Atafute mtu mwingine. Yeyote tu. Kisha nikakaa nisubiri kubembelezwa. Ratiba ilikuwa tayari: akiomba mara ya kwanza nakataa, ya pili nakataa, ya tatu naangalia dirishani kidogo, nakubali.

Akaacha cherehani. Akanishika mkono. Akasema afadhali nimesema mwenyewe, alikuwa hajui aanzie wapi. Kila Jumamosi nanung'unika njia nzima kwamba mkia anakula vumbi la watu, na yeye inamuuma. Basi nipumzike, niende na baiskeli zangu. Darubini anatembea polepole kwa ajili ya ndege wake, atafaa. Akampigia simu palepale.

Nilitaka kusema natania. Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema, "Wazo zuri."

Mdomo huu!

Kwa hiyo Jumamosi mke wangu atapuliza filimbi, na mwanaume mwingine atamjibu. Mara mbili. Mbele za watu, mchana kweupe.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Sijala kwa raha. Nimekula sahani mbili, lakini bila raha.

Darubini amekuja kufundishwa filimbi. Wamesimama uani, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Moja. Mbili. Moja. Mbili. Mimi ndani nabandika kiraka kwenye tyubu. Nimekibandika vizuri sana, pasipo na tundu.

Baadaye nikamuuliza mke wangu, kama mtu asiyejali, mwanafunzi wake anaendeleaje. Akasema pumzi yake si kama yangu, ila huwa anangoja kwanza, anageuka kuangalia nyuma, ndipo anajibu. Eti ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilisikia neno moja tu katika hayo yote: si kama yangu.

Kesho nitakuwa kichakani kwenye kona ya chemchemi kabla hawajafika. Atapuliza, nitajibu mimi kwanza. Masikio yake yatanijua. Darubini abaki na filimbi mdomoni kama mtoto na peremende.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Naandika nimesimama. Sababu inakuja.

Nimewatangulia kwa baiskeli, njia ya nyuma. Nikachagua kichaka kizuri, chenye vitumba vya manyoya laini ya dhahabu. Nikakaa. Wakapita. Mke wangu mbele na kofia yake ya buluu, zile hatua zake fupi za mtu anayejua anakokwenda. Nyuma yake watu wanane wanahema. Wengine sikuwaona, majani yalinizuia, na kusema kweli sikuwa nawatafuta.

Akafika juu ya kona. Akapuliza. Moja.

Nikajibu. Mbili! Kali, safi. Niliona mgongo wake ukitulia, akaendelea kupanda. Moyo wangu! Kutoka chini kabisa ikalia filimbi nyembamba, ndefu, hafifu. Nikajua ni Darubini anashindana. Nikaifunika kwa mbili zangu. Ikalia tena. Nikaifunika tena. Mke wangu akapuliza kwa mbali, nikajibu. Nimeshinda! Nikasimama kushangilia.

Ndipo makalio yakawaka moto. Yale manyoya ya dhahabu. Upupu! Nilikuwa nimeukalia upupu saa nzima kama mto wa kochi.

Nikateremka mbio kwenda kwenye maji, najikuna kwa mikono miwili. Kwenye kona ya chini nikasimama ghafla. Mama mkwe amekaa juu ya jiwe, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Darubini kapiga magoti, anamfunga kwa skafu yake. Alikuwa amenyamaza makusudi, ili msafara usimame na kichwa arudi. Maji na sanduku la dawa viko kwa kichwa. Aliposikia mtu anajibu kwa niaba yake, akapuliza ile ndefu ya hatari. Ile niliyoifunika.

Darubini alifikiri ni mwangwi. Mama mkwe hakufikiri hivyo.

"Nilijua tu," akasema, ananitazama ninavyojikuna. "Mwangwi hauna kiherehere."

Darubini akambeba mgongoni kuteremka. Mabega yale, vipimo vyake vimo daftarini. Mimi nikapanda kumwita mke wangu. Nilimkuta karibu na kilele. Akaiona filimbi shingoni kwangu. Hakuuliza natoka wapi.

"Nyuma kuna nani?"

Nikasema mama. Akashuka mbio. Watu wanane wakabaki wananitazama mimi, nami siwezi kusimama sawa.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Mguu haukuvunjika. Umeteguka. Wiki mbili bila kuukanyaga. Mama mkwe yuko kwetu, kakalishwa upande wa kulia wa chaki, mguu juu ya kiti, na anaongoza nyumba kutoka hapo. Nimeifuta miwani yake mara sita.

Darubini kaja kumjulia hali. Kaja na mkewe. Ana mke! Mkunga, mchangamfu, kaleta mafuta ya kupaka penye upupu, akaniambia mbele za watu jinsi ya kuyapaka. Kwa hiyo wiki nzima ya wivu imekwenda bure. Angeweza kusema tangu Jumatatu, mtu muungwana angevaa alama.

Walipoondoka, nilikuwa na visingizio vitano, nimevipanga. Mke wangu hakuvihitaji. Aliuliza kitu kimoja.

"Nilipopuliza, uliwaona watu wa nyuma?"

Nikaanza kueleza majani yalivyokuwa. Akauliza tena, maneno yale yale. Nikasema hapana.

Akasema alijua ni mimi tangu filimbi ya kwanza. Mbili zangu anazijua. Alifurahi, alifikiri nimebadili mawazo nimerudi kwenye nafasi yangu. Angekuwa amejibu Darubini, mtu mgeni kazini, yeye mwenyewe angegeuka kuhesabu vichwa. "Nilisikia ni wewe," akasema, "ndiyo maana sikugeuka."

Akanivua filimbi. Akaitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Leo amekuja mchora mabango. Kumbe mke wangu alimwagiza wiki mbili zilizopita, iwe siri, anishtukize. Bango la kutundika mlangoni: watu wawili wanapanda kilima, mwanamke mbele, mwanaume nyuma, na juu yake maneno KICHWA NA MKIA. Mwanamke ameshachorwa, na kofia yake ya buluu. Jamaa akauliza huyu wa nyuma amchore nani. Mke wangu akanitazama. Akatazama droo. Akasema pawekwe rangi ya majani tu kwa sasa, ataona. Jumamosi ijayo mkia ni Darubini. Na inayofuata.

Sasa huyo mchoraji. Vidole virefu, visafi, si vya mtu wa kazi. Brashi kaichomeka nyuma ya sikio. Alimwambia mke wangu akae hivi, ageuze shingo kidogo, apate kumalizia kidevu. Kidevu! Dakika ishirini kwa kidevu! Mke wangu kacheka mara mbili na nusu. Nusu nimeihesabu kwa sababu aliizuia kwa mkono.

Nimeshanunua brashi. Rangi ninayo, nyekundu, ilibaki nilipopaka fremu ya baiskeli. Bango limeachwa uani likauke na mchoraji anarudi kesho alasiri. Asubuhi mama mkwe akisinzia nitajichora mwenyewe pale penye majani, mapaja yakiwa ya ukubwa wake halisi. Likishakauka, nani atanifuta? Sijawahi kuchora mtu, lakini kitabuni mwa ndege kuna mfano wa miguu.

Upupu hauniumi tena. Kuzomewa hakuniumi. Hata vidole vya mchoraji nitavimudu. Lililoharibika kweli ni moja tu. Mke wangu alipopuliza ile moja pale kwenye kona, alikuwa anauliza kama watu wote wapo. Mimi nilisikia ananiuliza kama nipo.