Daktari wa Pumzi wa Malvern

Bakiri wa Tanga hakuwahi kusomea kitu zaidi ya sura za watu, na sura ya Bosi Gaston siku ile ilisomeka tangu mlangoni. Gaston, Mkongomani mwenye kampuni ya ulinzi pale Malvern, alikuwa anaulalamikia wali wake mgahawani: mteja wake mkubwa ametaka walinzi wapimwe ulevi kazini, la sivyo mkataba basi.

"Bosi," Bakiri akavuta kiti bila kukaribishwa, "Mungu anakupenda. Umekutana na mtaalamu."

Mtaalamu! Mwaka huo wa 2017 alikuwa anauza soksi Jules Street. Lakini mtu akivaa koti jeupe na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, nani atamwomba cheti?

Gaston akashusha sauti. Alikuwa na walinzi kumi wa siku nyingi. Kuwaachisha kazi ni kuwalipa miaka yao yote. Mlevi, lakini, hufukuzwa mikono mitupu. "Unaelewa, mon cher? Hawa kumi wakutwe walevi, na ile bakkie, pikapu yangu ya bluu, ni yako."

Gari! Babake Nusaiba alishasema binti yake haolewi na mtu wa kubeba mzigo kichwani. Na Bakiri, tumpe haki yake, alimpenda Nusaiba kweli. Ndicho kitu pekee maishani mwake kisichokuwa feki.

Basi akanakili sera ya ulevi kazini, kurasa tisa, kutoka mtandaoni, akawapa walinzi bila kuisoma, akanunua mashine ya kupima pumzi. Mirija ya kupulizia akaigawa: ya mfuko wa kulia safi, ya kushoto kaichovya kwenye spiriti. Sayansi tupu.

Jumatatu walinzi vijana wakapuliza, mashine kimya. Wale kumi wakapuliza, mashine ikapiga kelele mara kumi. Wa mwisho alikuwa Mama Orpha wa Bukavu, mlinzi wa miaka tisa.

"Mimi, mulevi?" Orpha akashika kifua. "Docteur, niko siku ya kumi na mbili ya kufunga na kuomba!"

"Mashine haina dini, mama," alijibu Bakiri, na jibu lenyewe likamfurahisha mpaka jioni.

Kesho yake akaja na koti lake jeupe, mirija bado mifukoni, kuchukua gari, na Ishaka, kaka yake Nusaiba, kaja naye ili ashuhudie na kupeleka habari nyumbani. Bakiri akawasha gari, akapiga honi. Geti halikufunguka. Orpha, aliyekuja na wenzake tisa kurudisha sare, alikuwa amesimama mbele ya boneti, mkono mmoja karatasi za sera, mkono mwingine mashine iliyoachwa getini jana.

"Ukurasa wa saba, docteur. Anayetoa gari ya kampuni anapuliza kwanza. Anayekataa ni mulevi."

"Haya, haya, mama." Bakiri akacheka, akatia mkono mfuko wa kulia.

"Hapana. Ya kushoto. Jana sisi kumi ulitutolea kushoto, vijana ukawatolea kulia. Miaka tisa nalinda mlango, baba. Kazi yangu ni kuangalia mikono ya batu."

Akautoa mrija wa kushoto. Akapuliza. Mashine ikalia kwa bidii zote.

"Eish, shemeji!" Ishaka akarudi nyuma. "Pombe? Saa mbili asubuhi?" Na simu hiyo mkononi.

Sasa pima mwenyewe. Akikubali kalewa, Nusaiba kaenda. Akisema mashine inadanganya, gari limeenda. Juu dirishani Gaston alikuwa anamwonyesha ishara ya kukata shingo. Bakiri akautazama usukani, akamkumbuka Nusaiba, roho ikamuuma.

"Sijalewa!" akapiga ukelele. "Wallahi sijaonja tone! Mirija ndiyo ina spiriti, niliichovya mwenyewe!"

"Andika," Orpha akampa kalamu. "Andika na nani alikutuma."

Akaandika, akatia sahihi. Orpha akaikunja karatasi, akaitia kwenye sidiria, mahali ambapo bosi yeyote asingethubutu kuifuata, kisha akachomoa ufunguo wa gari. Wenzake tisa wakaanza kuvaa sare zao upya. Dirishani, pazia likafungwa.

Bakiri akamgeukia Ishaka, kifua mbele, kama mtu aliyenunua heshima kwa bei ghali. "Umesikia, shemeji? Mimi msafi."

Ishaka alikuwa ameshapiga simu. "Baba? Gari hana... Hapana, hajalewa. Ndiyo maana nakupigia. Angekuwa amelewa, ulaghai huu tungesema ni pombe."