Wakala wa Ukungu, Newala

Jumanne, 1 Julai 2003
Nimerudi kutoka Masasi nikiwa mtu mwingine. Kwenye kibanda cha intaneti nimesoma kwa macho yangu mawili: ukungu umebinafsishwa! Mwekezaji anautaka ule wa Newala, daraja la kwanza, ufungwe kwenye madumu kabla jua halijachomoza. Viwanda wameuza, mabenki wameuza, sembuse ukungu? Husseni mwenye kibanda aliniuliza nacheka nini. Sikumwambia. Siri ya biashara.

Jumatano, 2 Julai
Kikwazo kidogo. Madumu yote yamejaa maji. Mke wangu Theodora na binti yetu Scholastika wameyapandisha kutoka bondeni kwa ajili ya Jumamosi, wakwe wa Chilangala wanapokuja kuposa. Nimewaza kama mfanyabiashara. Maji yana mwekezaji gani? Nimeyamwaga kwenye mihogo.

Alhamisi, 3 Julai
Ukungu mzito, safi! Nimesimama ukingoni mwa bonde, mdomo wa dumu nikauelekeza Ruvuma, nikafunga upesi. Jirani Bonifasi akapita, akauliza nateka nini. Nikamjibu nateka maendeleo. Wivu ulimjaa usoni.
Nyumbani vita. Theodora kafungua dumu apike. Nikamwambia taratibu, anamwaga mtaji. Akauliza kama wakwe watanawa ukungu.

Jumamosi, 5 Julai
Wakwe wamefika, vumbi mpaka magotini. Shikamoo, marahaba. Maji ya kunawa hakuna. Scholastika alinitazama, nikaona aibu, nakiri, ila kwa muda mfupi. Bonifasi akaingia na ndoo mbili bila kuitwa. Kiherehere!
Mzee Gasper, mjomba wa kijana, akauliza madumu yale yana nini. Nikamweleza yote kwa ufasaha. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema hata mpwa wake aliisoma habari ile, ukurasa wenyewe ni wa mzaha tangu juu hadi chini. Posa hawajaifunga. Wamesema wanakwenda kufikiri. Scholastika amelia jikoni.

Jumatatu, 7 Julai
Masasi tena. Nimemwandikia mhariri wa ukurasa ule barua kali. Nimemweleza madumu, mihogo, wakwe, kila kitu. Aniombe radhi hadharani!

Ijumaa, 11 Julai
Ushindi! Barua imetoka neno kwa neno. Jina langu, Optatus wa Newala, kwa herufi nene, na juu yake: BINGWA WETU WA WIKI. Nchi nzima hakuna aliyenishinda! Husseni aliisoma mpaka machozi yakamtoka. Watu nisiowajua wamenipa mkono.
Theodora ananisihi tunyamaze, huenda huko Chilangala hawajaiona. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi hata mimi. Kwa hiyo nimeichapisha kwenye karatasi, nikapanda gari mpaka Chilangala, nikamkabidhi Mzee Gasper mkononi, ili kabla ya kuamua ajue binti anatoka kwa mtu wa namna gani.