Malalamiko Juu ya Mwasumini wa Bi Pascalia

Kwa Bwana Fondo,
Mwenyekiti wa Nyumba Kumi,
Mjambere.

Bwana Mwenyekiti,

Baada ya salamu na kukuombea afya njema, naleta mbele yako mashtaka dhidi ya jirani yangu, Bi Pascalia, na mwasumini wake ulio kwenye debe la rangi.

1. Binti yangu Nusaiba anaolewa mwisho wa mwezi ujao. Ameapa hatavaa kikuba cha asumini za kununua. Anataka za mti alioupanda marehemu mama yake uani kwetu. Mti huo naulea kama mtoto mchanga: samadi ya kuku kila Ijumaa, mbolea ya dukani kila Jumatatu, na maji kutwa mara tatu. Majani yamefika dirishani. Ua hata moja hakuna.

2. Mti wa Bi Pascalia ni tawi la huo wangu, alilopewa na marehemu mke wangu. Mbolea haujui. Maji huyapata Bi Pascalia akikumbuka, naye hurudi kazini hoi. Juu ya hayo unachanua kwa fujo, na harufu yake huvuka ukuta bila hodi ikanikuta nimeshika mpira wa maji. Huko ni kunidhihaki.

3. Nilimwendea kwa adabu nikamshauri aulishe. Akanieleza, tena kwa upole, kwamba mti ukishiba sana husahau kuchanua. Mtu wa bara kuja kunifundisha asumini mimi, mzaliwa wa Kisauni!

4. Kwa hivyo naomba kikao kimwamrishe aulishe na kuunywesha mti wake sawasawa na wangu, mbolea nitatoa mimi. Akikataa, mti huo uhesabiwe kuwa mtoto aliyetoroka kwao, urejeshwe.

Nasema haya kwa uchungu, Bwana Mwenyekiti. Naogopa binti yangu atatoka nyumbani bila maua ya mamake, na mimi ndiye niliyeachiwa mti.

Wasalimie wazee wote wa kamati, na mama watoto usimsahau.

Ni mimi jirani yako mtiifu,
Ghalib bin Aqil

Tanbihi: Barua hii nimeiandika na kuirudia kwa karibu wiki tatu, sikupata wasaa wa kumwagilia wala kutia mbolea. Leo asubuhi Nusaiba ameniita uani: matumba yamejaa mti mzima. Amelia, nami nimelia. Kikao kiendelee, ila jina la mshtakiwa andika langu. Mpira wa maji nimempa Bi Pascalia auweke kwake mpaka arusi ipite, na nikienda kuudai, asinipe.