Jaji wa Samaki Wabichi

Tapeli aliyeitwa Sukari kwa utamu wa maneno yake alikuwa akipita barabarani, tumbo likimnguruma, alipoona bango kwenye mlango wa mgahawa wa Kijapani: "Leo mteja hachagui chakula. Mpishi ndiye anayechagua."

"Ndiyo maisha hayo!" alijisemea. Akanyoosha tai, akaingia kwa mwendo wa waziri.

Ndani hapakuwa na wateja. Mpishi aliyefunga kitambaa kichwani aliinama nyuma ya kaunta hadi paji likakaribia ubao wa kukatia.

"Mimi ni jaji wa tuzo za migahawa," Sukari alisema kwa sauti nzito. "Nimekuja kuonja. Majaji hatulipi, tunalipwa."

"Heshima kubwa, mheshimiwa! Viatu tunaacha mlangoni."

Vyakula vikaanza kuja, kimoja kimoja: tonge la wali lililovikwa samaki mbichi, kisha lingine, na lingine tena. Sukari alisifu kila tonge kana kwamba anasoma wasifu wa marehemu. Alipoona kitu cha kijani pembeni ya sahani alidhani ni parachichi, akakibugia chote. Kumbe ni kiungo kikali cha Kijapani; pua ikawaka moto, masikio yakapiga honi.

"Mheshimiwa unalia?"

"Ni... hisia," alijikaza.

Mpishi akaguswa sana. "Basi, jaji mkubwa, nikuombe jambo. Kwetu mgeni wa heshima huvaa aproni na kukata kipande cha mwisho kwa mkono wake. Nipe koti lisichafuke. Nakwenda kwenye friji ya nyuma kukuletea samaki mwenyewe."

Sukari, ambaye sifa kwake zilikuwa mboga ya kila siku, akavuliwa koti likiwa na simu na pochi ndani. Akafungwa aproni, akafungwa kile kitambaa cha mpishi kichwani, akapewa kisu. Akasubiri. Akasubiri sana. Huko nyuma mlango ulijipigapiga kwa upepo.

Alipochungulia droo ya pesa, ilikuwa wazi na tupu. Viatu vyake mlangoni havikuwepo. Kumbe mpishi naye mwizi! Alitamani kumpongeza, ila hasira haikumruhusu.

Hapo akaingia mama mmoja mnene, mwenye mgahawa, na kundi la wageni wenye njaa.

"Mpishi wangu mpya!" akashangilia. "Hatimaye tunaonana uso kwa uso. Kwenye simu sauti yako ilikuwa nyembamba."

"Mama, mimi si mpishi. Mpishi wako ametoroka na pesa zako na viatu vyangu."

"Na wewe ni nani?"

Sukari alitafuta uongo wa kumtoa hapo, ukakosekana. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akasema kweli tupu. "Mimi ni tapeli, mama. Nilikuja kula bure tu."

Wageni wakaangua kicheko, mama akacheka hadi akashika kaunta.

"Jamani, nimepata mpishi mwenye vichekesho!" alisema akifuta machozi. "Haya baba, kata samaki, watu wana njaa."