Kioo Kilifuta, Kompyuta Ikakataa

Jamaa zangu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti!

Mnanijua. Shule niliishia darasa la tatu, lakini duka la vyuma hapa Voi ni langu, lori ni langu, na sasa kompyuta ni yangu. (Nani mwingine anayo kutoka hapa hadi Bomeni? Nyamazeni basi.) Nilimwalika Mzee Mwadime dukani aone ni watu gani wanaomposa binti yake. Posa ya mwanangu alikuwa hajaijibu. Nikapanga kompyuta imkaribishe kwa maandishi.

Mkamburi, karani wangu, alinionya mapema. "Bosi, ukikosea, futa kwa hii alama ya wavu, hii #. Hicho kitufe cha kurudi nyuma kinafuta kwenye kioo tu. Yuniksi yenyewe, programu inayoendesha kompyuta, inashika kila kitu."

"Mama, macho ninayo," nikamjibu. "Kikifutika kimefutika!"

Mara nikamwona mzee kupitia dirisha, anavuka reli, kofia imemshuka hadi masikioni. Vidole vikaniwasha. Nikaandika: MZEE KIPARA KAMA MWAMBA WA KASIGAU. Nikacheka peke yangu.

"Hodi!"

Mbio mbio nikarudi nyuma kwa kitufe changu, nikaandika juu yake: KARIBU NYUMBANI MKWE WETU MPENDWA MZEE MWADIME. Kioo safi kabisa!

"Mzee, tazama maajabu." Nikabonyeza. Mashine ya kuchapa ikalia krrr, krrr. Karatasi sikuiangalia hata, nilikuwa nanyoosha tai. (Maringo ni ugonjwa.) Nikampa kwa mikono miwili.

Mzee alistaafu kazi ya reli. Anasoma kama anatangaza treni.

"MZEE KIPARA KAMA MWAMBA WA KASIGAU KARIBU NYUMBANI..."

Wateja wamekodoa macho.

"Baba Mghanga," mke wangu akanong'ona kutoka nyuma ya kaunta, "hayo ni yako?"

"Ni ya Yuniksi!"

Mzee akavua kofia polepole. Jamani! Kipara kinang'aa! Mkamburi akakimbilia stoo, nikamsikia akicheka huko kwenye mabati.

"Binti nitawapa," mzee akasema. "Kijana hana kosa. Lakini siku ya harusi, hii karatasi utaisoma wewe mwenyewe, mbele ya watu wote. Yote."

Nimekubali, ningefanyaje? Ila nawaambia mapema: atakayecheka, pilau hapati.